Shangazi Mtawala: Mhusika wa Ucheshi wa Kiingereza Mbele ya Msomaji wa Machakos

Utangulizi

Miongoni mwa wahusika wanaorudi mara kwa mara katika ucheshi wa Kiingereza wa karne ya 19 na ya 20, yuko mmoja ambaye msomaji humtambua kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Ni mwanamke wa makamo, mwenye nasaba na mali, anayeingia katika nyumba ya kijana wa ukoo wake bila kuitwa. Humkuta bado kitandani mchana, humkemea kwa uvivu wake, humchagulia mchumba asiyemtaka na humtuma kazi asiyoiweza. Kijana ni mtu mzima, ana fedha zake, wala hakuna sheria inayomlazimisha kutii. Hata hivyo hutii. Hapo ndipo kicheko kinapoanzia.

Kiingereza humwita mwanamke huyu kwa neno moja tu, ‘aunt’. Kamusi humpa mfasiri wa Kiswahili neno ‘shangazi’, na aghalabu mfasiri hulipokea bila kulihoji. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba neno hilo ni sahihi kwa baadhi ya wahusika hawa na si sahihi kwa wengine. Kwamba kosa hilo si la kamusi pekee, bali hubadili maana ya hadithi nzima. Na kwamba msomaji wa Machakos, ambaye hulelewa katika Kikamba, husoma katika Kiswahili na Kiingereza, na huujua ukoo kama mfumo wa haki na wajibu, yuko mahali pazuri pa kuliona jambo ambalo msomaji wa London hupita akicheka tu.

Wahusika wenyewe

Mhusika huyu hakuzaliwa siku moja. Mwaka 1813 Jane Austen alimtoa Lady Catherine de Bourgh katika riwaya ya Pride and Prejudice. Bibi huyu husafiri kwa gari la farasi hadi nyumbani kwa Elizabeth Bennet ili kumwamuru asiolewe na Darcy, mtoto wa dada yake. Katika miaka ya 1849 na 1850 Charles Dickens alimtoa Betsey Trotwood katika David Copperfield, mwanamke anayewafukuza punda kwenye majani mbele ya nyumba yake kwa hasira kuu, lakini ambaye moyo wake ndio unaomwokoa yatima. Mwaka 1895 Oscar Wilde alimpandisha jukwaani Lady Bracknell katika tamthilia yake ya ramsa, The Importance of Being Earnest. Mama huyu humhoji kijana anayetaka kumposa binti yake kama hakimu anavyomhoji mshtakiwa.

Katika karne ya 20 mhusika huyu aliwapata waandishi wawili waliomjua kwa karibu zaidi. Wa kwanza ni H. H. Munro, aliyeandika kwa jina la Saki, na ambaye katika hadithi zake fupi shangazi ni adui wa mtoto, na mtoto hulipa kisasi. Wa pili ni P. G. Wodehouse, aliyezaliwa Guildford mwaka 1881 na kufariki Marekani mwaka 1975. Huyu ndiye aliyemfikisha mhusika kileleni. Kuanzia mwaka 1915 hadi kitabu cha mwisho cha mfululizo huo, Aunts Aren’t Gentlemen cha mwaka 1974, kijana Bertie Wooster husimulia namna anavyokimbizwa na Agatha na kutumwa na Dahlia, na namna mtumishi wake Jeeves anavyomwokoa.

Dola na malezi

Wahakiki wengi huridhika kusema kwamba mhusika huyu ni kejeli kwa tabaka la mabwanyenye. Kauli hiyo ni kweli, lakini haielezi kwa nini awe shangazi badala ya mama. Jibu linapatikana katika historia ya malezi ya waandishi wenyewe.

Baba yake Wodehouse alikuwa hakimu katika utumishi wa Kiingereza huko Hong Kong. Watoto waliachwa Uingereza wakiwa wadogo mno, wakalelewa na walezi na kupelekwa shule za bweni, na likizo zao wakazimaliza katika nyumba za ndugu wa wazazi wao, kwa zamu. Wodehouse alikuwa na mashangazi na mama wadogo wengi sana, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba Agatha alitokana na mmoja wao, Mary Deane, dada wa mama yake. Saki alizaliwa Burma mwaka 1870, ambako baba yake alikuwa ofisa wa polisi. Mama yake alipofariki, watoto walipelekwa Devon wakaishi chini ya amri ya dada wawili wa baba yao, waliokuwa wakigombana wao kwa wao.

Kwa hiyo mhusika anayechekesha wasomaji wa Kiingereza ni mtoto wa dola. Wanaume walikwenda kutawala nchi za mbali. Watoto wakarudishwa kwao. Mamlaka ya baba yakaachwa mikononi mwa mwanamke ambaye hakumzaa mtoto na ambaye hakuombwa maoni yake. Kemeo la Agatha ni sauti ya mamlaka iliyokaimishwa.

Machakos si mgeni katika historia hii. Ilikuwa kituo cha utawala wa Kiingereza barani kabla Nairobi haijawa mji, na ni mojawapo ya vituo vya aina ile ile ambayo watumishi wa dola walipelekwa huku wengi wao wakiwarudisha watoto wao kwa jamaa Uingereza. Lakini Machakos iliuona pia upande wa pili wa jambo hilo. Wakamba waliingia kwa wingi katika jeshi la King’s African Rifles, katika polisi, na katika kazi za mishahara mijini. Nyumbani wakabaki wanawake. Wao ndio walioendesha mashamba, na ndio waliokuwa wengi katika vikundi vya mwethya vilivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Machakos. Dola ile ile iliyomtoa baba katika nyumba ya Kiingereza ilimtoa baba katika nyumba ya Mkamba. Tofauti ni kwamba huku mwanamke aliyebaki na amri hakugeuzwa kuwa kichekesho.

Neno moja, mahusiano manne

Ama kuhusu lugha, Kiswahili hakiwezi kusema ‘aunt’ bila kwanza kuuliza: wa upande gani? Shangazi ni dada wa baba. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, kwa kadiri ya umri wake. Mke wa mjomba ni mkaza mjomba. Shangazi wa baba hahesabiwi tena miongoni mwa mashangazi. Yeye ni nyanya. Kiingereza huyafunika mahusiano haya yote kwa blanketi moja.

Tukiwapanga wahusika wetu kwa kipimo hiki, matokeo yake ni haya. Agatha na Dahlia ni dada wa marehemu baba yake Bertie. Wao ni mashangazi halisi. Lady Catherine ni dada wa mama yake Darcy, kwa hiyo ni mama, na mfasiri hulazimika kuamua kama ni mkubwa au mdogo, jambo ambalo Kiingereza hakimdai mwandishi aliseme. Betsey Trotwood alikuwa shangazi wa baba yake David, kwa hiyo kwa David ni nyanya. Lady Bracknell ni dada wa mama yake Algernon. Naye pia ni mama.

Neno la upande wa pili lina tatizo lake. Wafasiri wengi wangemfanya Agatha amwite Bertie ‘mpwa wangu’. Katika matumizi ya asili, hata hivyo, mpwa ni mtoto wa dada, na mwenye kumwita hivyo ni mjomba. Mtoto wa kaka, kwa shangazi, ni ‘mwanangu’. Neno hili humpa Agatha nguvu zaidi kuliko ‘mpwa’, kwa sababu humpa haki ya mzazi katika silabi chache. Kijana wa miaka zaidi ya ishirini anayeitwa ‘mwanangu’ na mwanamke ambaye hakumzaa hawezi kujibu upesi.

Uzito wa upangaji huu unaonekana wazi kabisa katika hitimisho la tamthilia ya Wilde. Katika tendo la mwisho inagunduliwa kwamba Jack, aliyeokotwa utotoni ndani ya mkoba katika stesheni ya Victoria, ni mtoto wa dada yake Lady Bracknell. Kwa ugunduzi huo anapata nasaba, na kwa kuwa amepata nasaba anaruhusiwa kumwoa Gwendolen, binti wa Lady Bracknell. Watazamaji wa London hupiga makofi. Lakini mbele ya macho ya Mkamba, tamthilia imekwisha kwa balaa. Watoto wa dada wawili ni ndugu. Wakamba hawakuoana ndani ya ukoo mmoja wa baba, yaani mbai, wala hawakuoana na damu ya karibu ya upande wa mama. Habari ile ile inayompa Jack mke kwa Kiingereza ndiyo ingemnyang’anya mke huyo huko Machakos. Msomaji wa Lamu au Unguja, ambako ndoa za binamu zinajulikana na kuruhusiwa, hatashtuka hivyo. Basi hata ndani ya Kiswahili chenyewe, pwani na bara hazisomi hitimisho moja.

Hapa mfasiri hana njia ya mkato. Akiandika ‘shangazi’ kwa Lady Bracknell, atakuwa amewafanya Jack na Gwendolen kuwa watoto wa kaka na dada, na atakuwa ameupunguza mshtuko kwa kupotosha nasaba. Akiandika ‘mama mdogo’, ataonyesha ukweli wa nasaba, lakini ataigeuza ramsa kuwa jambo la kutisha. Njia iliyo bora ni ya pili, pamoja na kuuacha mshtuko ufanye kazi yake. Maana Wilde mwenyewe aliidhihaki jamii iliyojali cheti cha kuzaliwa kuliko kitu kingine chochote, na msomaji anayeshtuka ameikaribia dhihaka hiyo kuliko yule anayepiga makofi.

Heshima na utani

Jamii za Kibantu, kama wanavyojua wanaisimu na wanaanthropolojia, hugawa mahusiano ya ukoo katika makundi mawili makubwa: yale ya heshima na yale ya utani. Katika Ukambani heshima iliyo kali kuliko zote huitwa nthoni. Gerhard Lindblom, katika kitabu chake kuhusu Wakamba cha mwaka 1920, aliieleza kwa urefu: mwanamume na mama mkwe wake huepukana, na wakikutana njiani kila mmoja hujitenga. Upande wa pili uko uhusiano wa mjukuu na nyanya, ambaye kwa Kikamba ni susu. Kwa susu mtoto huweza kutania, kuomba na kudeka.

Mgawanyo huu unafafanua jambo ambalo uhakiki wa Kiingereza hulieleza kwa maneno ya tabia tu. Husemwa kwamba Agatha ni shangazi mbaya na Dahlia ni shangazi mwema. Lakini Dahlia si mwema hivyo. Katika The Code of the Woosters ya mwaka 1938, yeye ndiye anayemtuma Bertie kwenda kuiba chombo cha fedha cha kutilia maziwa chenye umbo la ng’ombe, na anapokataa humtisha kwamba hatakula tena chakula cha mpishi wake Anatole. Kwa ukali wa amri hawapitani sana na Agatha. Tofauti yao ni ya uhusiano. Bertie na Dahlia hutukanana kwa mapenzi, hucheka pamoja, na tusi halimwondolei yeyote kati yao heshima. Huo ni utani. Kwa Agatha Bertie hutetemeka, huitikia, na hutafuta mlango wa nyuma. Huo ni uhusiano wa heshima uliokaribia kuwa wa kuepukana, na kijana anayetorokea Marekani ili asikutane na shangazi yake angeeleweka mara moja katika nchi inayoijua nthoni.

Ni muhimu kutambua kwamba Bertie hamdhihaki Agatha usoni pake ila kwa nadra sana. Dhihaka yote hufanyika katika usimulizi, kati yake na msomaji. Mfasiri anapaswa kuilinda mipaka hii. Katika mazungumzo, Bertie na aseme ‘ndiyo, shangazi’ na ‘samahani, shangazi’ kwa adabu kamili. Katika usimulizi ndimo ulimi wake ufunguliwe. Mfasiri atakayetia utani katika mazungumzo ya Agatha atakuwa ameua kicheko, kwa sababu kicheko chenyewe ni umbali kati ya sauti hizi mbili.

Mamlaka yenye haki na mamlaka yenye nguvu

Swali linalobaki ni hili: je, shangazi huyu ana haki ya kuamuru? Katika Uingereza ya Wodehouse jibu ni hapana. Bertie ni yatima, mtu mzima, na ana mapato yake. Agatha hana hati yoyote juu yake. Nguvu yake ni sauti, macho na mazoea ya utotoni. Kicheko kinatokana na pengo lililopo kati ya nguvu hiyo na haki ambayo haipo.

Katika sehemu kubwa ya Afrika pengo hilo ni dogo, au halipo. Mwaka 1924 A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika juu ya mjomba katika Afrika ya Kusini, alionyesha kwamba dada wa baba huhesabiwa kama baba wa kike; na Kizulu humwita ‘ubabekazi’, neno lenye maana hiyo hiyo. Katika Buganda, ssenga ndiye mwenye wajibu wa kumfunza msichana mambo ya unyumba. Katika jamii nyingi za wafugaji, mifugo iliyotolewa kwa kumwoa dada ndiyo iliyomwezesha kaka yake kuoa, na watoto wa kaka huyo wanajua kwamba wanadaiwa. Ukambani kuna pia desturi ya iweto, ambayo humruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumtolea mahari mwanamke mwingine, na watoto wa huyo wakahesabiwa wa nyumba yake. Mwanamke wa namna hii ana amri, na amri yake ina msingi. Hakuna sababu ya kumcheka kwa kuwa anaamuru.

Je, basi, msomaji wa Machakos hatacheka? Atacheka, lakini mahali pengine. Katika The Inimitable Jeeves ya mwaka 1923 kuna tukio linalofaa kuchunguzwa. Agatha yuko hotelini Ufaransa, na lulu zake zimepotea. Mara moja anamshika mtumishi wa kike wa hoteli, anamwita mwizi mbele ya watu, na kumpigia kelele meneja. Kumbe lulu ziliibwa na wale wale aliowasifu kwa Bertie kuwa watu wa heshima, akitaka amwoe msichana wao. Jeeves amezirudisha kimyakimya, na Bertie anazionyesha kana kwamba zilikuwa ndani ya mtoto wa meza siku zote. Kwa mara moja kijana anamkemea shangazi.

Msomaji wa Kiingereza hufurahi kwamba mwoga amepata ushujaa wa dakika tano. Msomaji wa Machakos huona jambo zito zaidi: mzee amemsingizia mnyonge wizi. Katika nchi ambayo shitaka la uongo liliweza kupelekwa mbele ya kiapo cha kithitu, kiapo kilichoaminiwa kumwua mwongo, kusingizia si kosa la adabu. Hapo Agatha amepoteza haki yake ya ushangazi, na kukemewa kwake ni hukumu. Anayemshinda, tena kupitia kinywa cha bwana wake, ni mtumishi. Katika umbo hili Jeeves ni ndugu yake Abunuwasi na Sungura, wale wanaowashinda wakubwa kwa akili kwa sababu hawana nguvu nyingine.

Kwa mfasiri na kwa mwalimu

Fasihi ya Kiswahili imepokea tafsiri nyingi kutoka Uingereza: hadithi za safari na hazina katika miaka ya 1920, kisha Shakespeare kwa mkono wa Julius Nyerere na wa S. S. Mushi katika miaka ya 1960. Ucheshi wa nyumbani haukupata bahati hiyo. Aliyeukaribia zaidi ni Molière wa Ufaransa. Katika Mnafiki, msomaji wa Kiswahili hukutana na mama mzee anayewakemea wote nyumbani mmoja baada ya mwingine, na hahitaji maelezo ya ziada ili acheke. Hii ni dalili kwamba kikwazo si mhusika, bali ni jina na uhusiano.

Mwalimu wa Machakos hana haja ya kungoja tafsiri hizo. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza na Kiswahili kikafanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za Kenya, wanafunzi wamekuwa wakisoma fasihi ya lugha mbili katika darasa moja, huku lugha ya tatu ikiwangoja nyumbani. Wapewe ukurasa mmoja wa Wodehouse, waombwe wachore nasaba ya wahusika, kisha waamue kila mmoja angeitwaje kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na nani angeruhusiwa kumtania nani. Zoezi hilo litawafunza isimu, fasihi na mila zao kwa pamoja.

Haja ya zoezi hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika miji ya Kenya neno ‘anti’ limeenea. Hutumiwa kwa dada wa baba, kwa dada wa mama, kwa mke wa mjomba, kwa jirani, hata kwa mfanyakazi wa nyumbani. Neno hili ni la upole na lina kazi yake. Lakini limeleta katika Kiswahili blanketi lile lile la Kiingereza, na mtoto anayelijua hilo pekee hajui tena ni nani mwenye haki ya kumwita ‘mwanangu’, wala ni kwa nani anaruhusiwa kudeka.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba shangazi mtawala wa ucheshi wa Kiingereza ni zao la dola iliyowatenganisha wazazi na watoto. Kwamba jina lake la Kiingereza huficha mahusiano ambayo Kiswahili na Kikamba huyatofautisha. Na kwamba kicheko chake hutegemea mamlaka yasiyo na haki. Mfasiri atakayeyazingatia haya hatakuwa na Agatha yule yule wa London. Atakuwa na mwanamke ambaye msomaji wa Machakos atamwamkia kwa heshima, atamwogopa kwa sababu, na atamcheka siku ile tu atakapomdhulumu aliye chini yake.